Jinsi ya Kuunguza Biti Kabla ya Chai ya Saa Nne

Mwongozo kwa mafundi wa visima, wachimbaji wadogo na wenye viwanja wa Iringa na Mbeya

Nyanda za Juu Kusini tumejaliwa baridi. Mwezi wa saba, Makambako mtu anavaa koti juu ya koti na bado anajikunyata. Uyole watoto wanakwenda shule wakifuka moshi mdomoni kama malori yanayopanda Kitonga. Kwa hiyo akija mtu kukwambia kwamba biti ya kuchorongea mwamba lazima ipozwe, mpe pole ya safari, maana atakuwa ametoka Dar es Salaam. Huku kwetu baridi inapoza chai kabla sukari haijayeyuka. Itashindwaje kupoza kipande cha chuma?

Mimi si mhandisi. Ni mwalimu mstaafu mwenye kiwanja Iringa na shemeji mwenye shimo la dhahabu Chunya, na kati ya kiwanja na shimo nimeshuhudia biti nyingi zikifa kuliko kuku wa Krismasi. Moja ilifia kwenye kisima changu, kwa hela yangu. Ingekuwa dhambi ujuzi huo niende nao kaburini. Fuata hatua hizi nane bila kuruka hata moja, nami nakuahidi kwamba biti yako itakuwa imekwisha kazi kabla chai ya saa nne haijamiminwa, na mwamba hautakuwa hata na habari kwamba ulifika.

Hatua ya 1: Usiuulize mwamba jina lake

Mwamba ni mwamba. Jiwe ni jiwe. Akitokea mpimaji na mashine zake za kusoma ardhi, muulize kwanza anakula nini mchana, kisha mwambie kazi imeshapata mtu. Mtu mwenyewe ni yule mzee wa kijiti cha mpera, ambaye hajawahi kukosa maji ila pale yalipokosekana.

Watu wenye mashaka watakueleza kwamba mji wa Iringa umekaa juu ya matale, granaiti kama tulivyokuwa tukiwafundisha watoto. Gangilonga, lile jiwe ambalo inasimuliwa Mtwa Mkwawa alikuwa akilipanda kwenda kutafakari, ni kichwa tu kinachochungulia; mwili umelala chini ya viwanja vyetu, na hakuna hati ya kiwanja inayoutaja. Rungwe ni nchi ya volkano: kuna basalti nzito kama ile ya Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, na mahali pengine kuna pumisi, jiwe jepesi linaloelea majini, lenye matundu yanayokunywa maji ya kuchorongea kama wageni wa harusi wanavyokunywa soda ya bure. Chunya, kwenye dhahabu ya Lupa, ni mishipa ya kwatzi. Na kwatzi katika kipimo cha Mohs ina ugumu wa 7, ilhali chuma cha kawaida hakizidi sana 5 au 6. Ukivisugua viwili hivyo, kinachokwanguka ni chuma. Ndiyo sababu usoni mwa biti hupandikizwa meno ya kabidi ya tungsteni, yenye ugumu wa 9 hivi, yakibaki nyuma ya almasi tu na wenzake wachache.

Watakueleza pia kwamba ugumu una namna mbili, na watakutolea mfano wa Kimondo cha Mbozi, kilichokuwa mali ya mkoa wa Mbeya hadi Songwe ilipopewa mkoa wake mwaka 2016. Kimondo ni bonge la chuma kilichochanganyika na nikeli. Mwaka 1930, mtaalamu wa idara ya jiolojia ya serikali ya Kiingereza, D. R. Grantham, alikwenda na msumeno wa chuma kukata kipande cha urefu wa sentimita 10. Ilimchukua saa kumi. Basi lililotoka Mbeya alipoanza kukata lingekuwa linakaribia Morogoro. Ajabu ni kwamba chuma hicho ni laini kuliko kwatzi. Ila kinavumilia: ukikigonga, kinabonyea na kunyamaza. Matale hayana subira hiyo. Ni magumu lakini ni mepesi kupasuka, na ndiyo maana jiwe la Iringa halikatwi kwa kusuguliwa, hugongwa.

Hayo yote ni maneno ya watu wanaopenda kuuliza majina. Wewe nunua biti moja, ile ya bei nafuu, uende nayo kote.

Hatua ya 2: Kandamiza mpaka gari liinuke

Chini ya rodi, nyuma ya biti, kuna hama. Hewa ya komplesa inaingia humo na kurusha pistoni inayoipiga biti kisogoni zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Kinachopasua jiwe ni hicho kipigo. Uzito wa mtambo kazi yake ni ndogo tu: kuhakikisha biti haijaachana na jiwe pindi kipigo kinaposhuka.

Kwako hiyo ni dharau kwa mtambo wa tani nyingi. Kandamiza. Kandamiza kama mtu anayefunga sanduku la safari ya Dubai. Ukiona matairi ya nyuma ya lori yanaanza kuaga ardhi, hapo ndipo umefika. Meno yatazama kwenye jiwe yashindwe kuzunguka, kila mzunguko utakuwa wa kukwaruza badala ya kugonga, na mkwaruzo, kama ajuavyo kila aliyewahi kusugua viganja asubuhi ya Mafinga, huzaa joto.

Hatua ya 3: Zungusha kwa haraka, una watu wanasubiri

Kwenye jiwe gumu biti ya hama huzungushwa pole pole, mizunguko kati ya 10 na 30 kwa dakika. Inazunguka kwa sababu moja: jino lililogonga hapa sasa hivi, kipigo kijacho likagonge mahali papya pembeni. Basi.

Wewe zungusha kama feni. Meno ya pembeni, ambayo ndiyo yenye safari ndefu kuliko ya katikati, yatasuguliwa yakakatika mapema, na shimo litaanza kuwa jembamba kadiri unavyoshuka. Ukija kushusha biti mpya yenye kipenyo kamili, itakwama njiani kama bibi harusi aliyenona kati ya kushonewa gauni na siku ya harusi. Utakuwa umeua biti mbili kwa kosa moja. Huo ndio ufanisi.

Hatua ya 4: Kodi komplesa ndogo

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hatua hii niliisoma kwa ada.

Hewa inayotoka kwenye komplesa ina kazi tatu kwa safari moja. Inapiga hama. Ikishapiga inatokea kwenye matundu yaliyo usoni mwa biti, ikipoza meno. Kisha inapanda juu kupitia nafasi iliyo kati ya rodi na ukuta wa shimo, ikiwa imebeba chenga za jiwe. Ili chenga zipande bila kurudi nyuma, hewa hiyo inatakiwa kwenda mita 15 hadi 25 kwa sekunde, yaani kilomita 54 hadi 90 kwa saa. Ni mwendo wa bodaboda anayeteremka Kitonga akiwa na abiria wawili na gunia la mkaa.

Komplesa kubwa inakula dizeli, na dizeli ni hela. Ndogo inatosha. Hewa yake itapanda kwa mwendo wa mzee anayetoka kanisani. Chenga zitafika nusu ya njia, zitachoka, zitarudi chini, na biti itazikuta zinaisubiri. Itazitwanga. Zitakuwa unga. Itautwanga unga. Wahenga walitukanya kutwanga maji kwenye kinu kwa kuwa hawakuwa wameona mtu anayetwanga unga wa jiwe kwa hewa ya kukodi.

Na joto je? Hapo ndipo baridi yetu tunayojivunia inapotutupa mkono. Baridi ya mwezi wa saba inaishia mita kumi na kitu chini ya ardhi. Kuanzia hapo mwamba haujui Julai wala Desemba, na kwa kawaida kila kilomita moja unayoshuka unaongezewa nyuzi 25 hadi 30. Isitoshe, jiwe ni blanketi. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko matale, kwa hiyo joto linalozaliwa kati ya jino na jiwe likitafuta pa kukimbilia, linachagua jino. Mwamba unabaki umejifunika. Mwenye homa ni biti.

Kwenye kiwanja changu walianza saa moja na nusu asubuhi. Opareta alikuwa kijana mchangamfu, amefunga kitambaa kichwani, ananiita mwalimu kila baada ya maneno matatu. Mita kumi za kwanza zilikuwa udongo na jiwe lililooza, tukashangilia. Mita ya ishirini, vumbi jeupe lilikuwa linaruka hadi kwa jirani, ambaye alianua nguo zake bila kunisalimia. Mita ya 31 sauti ikabadilika. Ilikuwa ta-ta-ta-ta, ya kavu, kama mvua ya mawe kwenye bati. Ikawa mmm, mmm, kama mtu anayekataa chakula kwa adabu. Vumbi mdomoni mwa shimo nalo likapungua mpaka likawa kama moshi wa sigara.

“Mwalimu, hapa jiwe limelainika,” akasema opareta. “Tunakata bila vumbi.”

Tulikata bila vumbi kwa dakika arobaini. Kipimo kwenye rodi hakikusogea upana wa kidole. Walipovuta juu, biti ilitoka na rangi ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwenye chuma chao: shingo yake ilikuwa bluu, ile bluu ya mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi. Chuma hugeuka bluu kinapofika nyuzi 300 hivi. Kijana akatema mate juu yake; mate yakaruka yakilia.

Nami, kwa huruma ya mwalimu, nikachukua jagi la maji ya kunawa nikaimwagia.

Nikasikia tik. Halafu tik, tik. Kabidi ni ngumu lakini haipendi kushtukizwa. Ikiwa ya moto ukaimwagia baridi kwa mkupuo, inapasuka. Meno matatu yalibaki na nyufa nyembamba kama za sahani ya bibi. Saa nne kasoro dakika tano. Mke wangu akaleta chai. Tulikunywa kimya, huku juu ya kila kikombe kukiwa na utando wa kijivu wa vumbi la kiwanja changu mwenyewe.

Hatua ya 5: Boresha ubunifu kwa weldingi

Usinunue biti nyingine. Ipeleke hiyo hiyo kwa fundi wa geti.

Fundi wa geti ataitazama akizungusha kichwa, kisha atatoa tathmini ambayo hakuna chuo cha uhandisi kingeweza kuitoa: “Hii ina matundu mengi, ndiyo maana haina nguvu.” Ni kweli, ina matundu. Usoni kuna matundu mawili au matatu ya hewa, na kutoka kwenye kila tundu kuna mfereji unaokwenda mpaka ukingoni, halafu ubavuni kuna mifereji mingine ya kupandishia chenga. Fundi ataiziba yote kwa weldingi na kukuongezea vipande vya nondo kama meno ya akiba. Itatoka ikiwa nzito, imejaa, inang’aa, ina sura ya kitu kilichokula kikashiba.

Sasa tuseme mtu ametaka kuiboresha kweli, kwa ajili ya jiwe gumu. Angefanya karibu kinyume cha fundi wetu. Asingeanza na chuma, angeanza na nafasi. Angejiuliza hewa inatokea wapi: je, inapita usoni pa kila jino kabla ya kuondoka, au inatokea katikati na kutafuta njia fupi ya kutorokea, ikiyaacha meno ya pembeni yakiungua? Angepanua mifereji ya ubavuni ili chenga isipondwe mara ya pili. Angechagua umbo la jino: la duara kama nusu ya gololi kwa matale na kwatzi, kwa sababu halina ncha ya kuvunjika, lenye ncha kama risasi angeliweka kwa mawe laini, ambako linazama upesi. Angeongeza meno ya pembeni, kwa kuwa hayo ndiyo yanayobeba shida ya familia nzima. Na asingeisogezea weldingi hata kidogo, maana moto wa weldingi unaharibu ugumu wa chuma kilichoyashika meno, nayo meno huanza kung’oka moja moja kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini matundu hayana uzito, na sisi tumezoea kununua vitu kwa uzito. Ziba.

Hatua ya 6: Usinoe, kunoa ni mkosi

Jino la duara likigonga sana huota kipara. Kipara kikifika theluthi moja ya upana wa jino, mafundi makini husimama, huvuta biti juu na kuinoa kwa jiwe maalumu mpaka duara lirudi. Sababu yake inaeleweka hata na mtoto: jino lenye ncha ya duara linagusa jiwe mahali padogo, kwa hiyo kipigo chote kinakusanyika hapo na jiwe linapasuka. Jino lenye kipara linalala kwenye jiwe kama kiganja kwenye meza. Kipigo kinatawanyika, jiwe halishtuki, na nguvu iliyokosa pa kwenda inageuka joto.

Utasikia pia kuna meno yanayoonekana mazima kabisa ila ukiyatazama kwa karibu yana vijistari kama ngozi ya nyoka. Hayo nayo yanataka kunolewa kabla nyufa hazijaingia ndani. Usitazame kwa karibu.

Jambo hili la kunoa limekuwa likisumbua watu wa mkoa wa Iringa kwa muda mrefu. Pale Isimila, ambako F. Clark Howell na wenzake walichimbua miaka ya 1957 na 1958, kuna zana za mawe zilizotapakaa kwenye korongo, mashoka ya mkono yaliyochongwa pande zote mbili na watu wa zamani mno. Watu wale hawakuwa na komplesa wala kabidi. Lakini walijua kuchagua jiwe, na walijua kwamba makali hayadumu: unabandua gamba, unapata makali mapya, unaendelea na kazi. Mimi na opareta wangu tulikuwa umbali wa safari fupi ya daladala kutoka kwao, tukakaa dakika arobaini juu ya meno yenye vipara.

Hatua ya 7: Dai biti isiyolika

Dukani usiulize kuhusu hewa wala mifereji. Uliza swali moja: “Hii inalika?” Ukijibiwa ndiyo, ondoka.

Kwa hatua hii nitakusimulia nilichokiona Chunya, kwa jirani wa shemeji yangu, walikokuja watu wa kuchoronga sampuli. Wao hawagongi. Biti yao ni pete ya chuma yenye unga wa almasi uliochanganywa ndani ya madini mengine ya kuushikilia. Inazunguka kwa kasi, maji yanapita katikati bila kukoma, na jiwe linabaki ndani ya bomba kama mshumaa mrefu. Walikuwa na biti mbili. Kwenye jiwe la mchanga linalokwaruza walivaa ile yenye madini magumu. Walipofika kwenye kwatzi ngumu kama kioo, wakaitoa wakavaa yenye madini laini.

Nikadhani wamekosea. Nikamwita msimamizi pembeni, kwa adabu, nikamwambia vijana wake wamechanganya. Akacheka.

“Mzee wangu, jiwe likiwa gumu unalipelekea biti laini. Almasi ya juu ikishakuwa butu, ile laini inalika, inaiachia idondoke, ya chini inatokeza ikiwa na makali. Ukilipelekea ngumu, haitalika. Itang’aa kama kioo na itakaa pale pale hata wiki.”

Nimefundisha miaka thelathini na sijawahi kupewa jibu lililonikalisha chini kama hilo. Biti inayokataa kulika haikati. Inateleza, inapata moto, inajipaka mng’aro, na kwa mbali inaonekana nzuri kuliko zote.

Kama bado unataka kitu kisicholika, ziko biti za vikato vya almasi ya kutengenezwa, zilizoletwa na General Electric ya Marekani miaka ya 1970. Tabaka la almasi limeshikishwa juu ya kabidi, na kinachoshikanisha chembe zake ni kobalti. Kobalti hiyo ndiyo msaliti. Joto likifika nyuzi 700 hivi, inatanuka kuliko almasi na kuichana kwa ndani, tena inaisaidia almasi kurudi kuwa grafaiti. Unaanza na pete ya uchumba, unamaliza na penseli ya HB. Waliofikiri zaidi walianza kuichuruza kobalti kwa asidi kwenye uso wa kikato, ili sehemu inayopata moto zaidi ibaki bila msaliti. Hata hivyo maji hayakuondolewa kwenye orodha. Na Mbeya tunayo sababu ya kulijua hilo, kwa kuwa Ngozi na Kiejo-Mbaka, ambako Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania inatafuta mvuke wa kuzalisha umeme, biti inakwenda kukutana na jiwe ambalo lenyewe ni la moto kabla hujaligusa. Baridi ya milima ya Uporoto haifiki huko kusaidia.

Hatua ya 8: Choronga kavu

Hii ni hatua ya kuokoa maji. Kubeba maji hadi kwenye shimo ni shida, tope linachafua nguo, na bomba la kunyunyizia lina tabia ya kuvuja. Zima. Acha vumbi litoke, vumbi ndiyo dalili ya kazi. Funga kitambaa puani kama unaogopa harufu.

Marekani, miaka ya 1890, kulikuwa na mtu wa Colorado aitwaye George Leyner. Alitengeneza keekee ya mwamba yenye fimbo ya chuma iliyotobolewa katikati, ikipuliza hewa hadi kwenye ncha. Ilikata vizuri na ilisafisha shimo vizuri, kwa kulitoa vumbi lote la jiwe usoni pa mchimbaji. Wachimbaji waliikataa. Keekee za kavu za zama hizo walizipa jina: wazalisha wajane. Leyner akarudi mezani, akapitisha maji kwenye tundu lile lile. Maji yakapoza ncha, yakatoa chenga, yakalaza vumbi. Kazi tatu, tundu moja.

Vumbi la kwatzi likiwa jembamba kiasi cha kutoonekana ndipo lina hatari zaidi. Linashuka hadi mwisho wa pafu na kukaa huko. Pafu halilitoi, linalizungushia kovu, na makovu yakiongezeka mtu anabaki na kifua kisichotanuka. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Tena unamfungulia mlango kifua kikuu.

Mpakani mwa Iringa na Morogoro, TANESCO ina mtambo wa Kihansi, megawati 180, umejengwa ndani ya tumbo la mwamba. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, chura mdogo wa manjano aliyeishi kwa manyunyu ya maporomoko yale akawa hatarini. Akafungiwa mabomba ya kumnyunyizia. Ilikuwa haki yake. Nami kila nikikaa kwenye shimo la shemeji nawaza kwamba kijana aliye chini na jekihama hajafikia cheo cha chura.

Msaidizi wa shemeji yangu alikuwa kijana wa Rungwe, mpole, kila jambo dogo utakalomtendea anakujibu ndaga fijo, yaani asante sana. Alikuwa na miaka ishirini na kitu na alikuwa akipanda ngazi ya shimo kwa vituo, kama mimi. Akifika juu anasimama, mkono kifuani, anatabasamu ili tusimuulize. Kitambaa chake cha puani kilikuwa na duara mbili za kijivu, mahali pa matundu ya pua. Siku hizi yuko kwao anauza ndizi barabarani, amekaa kwenye kiti.

Baada ya yeye kuondoka, shemeji alinunua pipa la plastiki, bomba la bustani na koki ya mtumba. Siku waliyofunga nilikuwepo, nikapewa kazi ya kushika koki. Fundi mpya akaniambia nisifungue sana, niache tu maji yatambae kwenye fimbo. Jekihama ikaanza. Mdomoni mwa tundu pakatoka tope la kijivu, zito, taratibu, kama uji wa ulezi unaotaka kufurika sufuria. Hakuna kilichoruka. Nilikuwa nauona ukuta wa pili wa shimo, kitu ambacho sikuwahi kukiona mchana wa kazi.

Saa nne walichomoa biti, fundi akanipa nishike. Nikasita, nikikumbuka mate yaliyoruka yakilia kwenye kiwanja changu. Ilikuwa vuguvugu, kama yai lililookotwa chini ya kuku sasa hivi, na meno yake yote yalikuwa mahali pake.

Naona mwongozo umeniharibikia mkononi, maana saa nne imefika na biti nzima. Shemeji akamimina chai. Nikachungulia kikombe kabla ya kunywa, kwa mazoea. Ilikuwa na rangi ya chai.